Kamera ya Kila Siku Katika Hewa ya Chumvi

Je, wajua kwamba chembe ya chumvi ya mezani ikiachwa wazi huyeyuka yenyewe pindi unyevu wa hewa unapovuka asilimia 75? Haihitaji kumwagiwa maji. Hunyonya mvuke uliomo hewani mpaka igeuke tone. Chumvi ya bahari ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu imechanganyika na magnesi kloridi, ambayo huanza kunyonya maji hewa ikiwa na unyevu wa thuluthi tu. Sasa chukulia uko Mtoni, hapa Unguja, usiku, kwenye magofu ya jumba la Sultani Sayyid Said, bahari iko chini ya kuta za mawe na chokaa, na unyevu umepita asilimia 80. Kila chembe ya chumvi iliyotua kwenye skrubu au kioo imekwisha kuwa maji. Jua likipanda inakauka, usiku inarudi kuwa maji. Chuma hakistahimili mwendo huo kwa muda mrefu, na kamera ni chuma, kioo, mpira na nyaya zilizobanwa mahali padogo.

Baada ya chumvi kuna kuvu. Mbegu zake zimo hewani kila mahali, na huingia ndani ya lenzi pamoja na vumbi. Zikipata unyevu wa asilimia 70 na zaidi unaodumu, giza, hewa iliyotulia na chakula kidogo tu, kama mafuta ya kidole, huota. Nyuzi zake hutambaa juu ya kioo zikitoa asidi, na asidi hiyo hula ule utando mwembamba unaozuia mng'ao. Ikiachwa, huchimba kioo chenyewe. Fundi mzuri anaweza kuzifuta nyuzi, lakini alama ya asidi haifutiki.

Sasa linganisha mahitaji ya kuvu na kabati la nguo la nyumba ya Mji Mkongwe wakati wa masika. Giza lipo, unyevu upo, hewa haitembei, na begi la ngozi lenyewe ni chakula. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba hapa Unguja kamera inayotoka kila siku huishi zaidi kuliko ile inayotunzwa kabatini. Mwanga wa jua una miale ambayo kuvu haipendi, na hewa inayopita huondoa unyevu uliotuama. Na inayotoka kila siku ni ile nyepesi, kwa hiyo udogo wa kamera kwetu si suala la mtindo. Mzigo mzito wenye lenzi nne utabebwa siku ya harusi, kisha utalala kabatini hadi harusi nyingine, na kuvu hufanya kazi yake katikati ya harusi hizo mbili.

Wapiga picha wa mwanzo hawakuwa na hiari ya kamera ndogo. Mwaka 1844, alipozaliwa Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, katika jumba hilo la Mtoni, upigaji picha ulikuwa na miaka 5 tu tangu utangazwe Paris. Nahodha Mfaransa Charles Guillain alipozunguka pwani yetu kati ya 1846 na 1848, msafara wake ulipiga picha za dagereotipu, yaani bamba la shaba lililopakwa fedha, likaoteshwa picha kwa mvuke wa zebaki. Baadaye zikaja picha za mabamba ya kioo, na mwishoni mwa karne ya 19 studio ya A. C. Gomes, mpiga picha wa asili ya Goa, ilikuwa imeshajijengea jina mjini Unguja. Kioo ni kizito na huvunjika, na kamera yake hukaa juu ya miguu mitatu. Katika hali hiyo mtu ndiye aliyeifuata kamera.

Aliyegeuza mambo ni Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha Leitz huko Wetzlar, Ujerumani. Alichukua filamu ya sinema ya milimita 35, akailaza ubavu, akapata picha ya milimita 24 kwa 36. Kamera yake, Leica, ilioneshwa hadharani Leipzig mwaka 1925 nayo iliingia mfuko wa koti. Miaka mitano baadaye, 1930, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio hapa Unguja, studio ambayo mwanawe Rohit aliiendeleza, na picha zake za zamani bado zinawavuta wapita njia wa barabara ya Kenyatta. Kipimo kile cha 24 kwa 36 ndicho hadi leo tunachokitumia kulinganishia lenzi zote, na hapo ndipo vichochoro vinapoingia kwenye hesabu.

Chukua mlango wa mita 3, wa kuchonga, wenye njumu za shaba na minyororo iliyochongwa kuzunguka fremu. Ukiisimamisha kamera wima ukiwa na lenzi ya milimita 50, unahitaji kurudi nyuma mita 4 na sentimita 20 ili mlango wote uingie. Vichochoro vingi vya Mji Mkongwe havifiki mita 3, kwa hiyo mgongo wako utagonga ukuta wa jirani kabla picha haijatimia. Kwa lenzi ya milimita 35 unahitaji mita 2.9, na kwa ya 28 unahitaji mita 2.3 tu. Hesabu ni rahisi: zidisha urefu wa mlango kwa milimita za lenzi, gawanya kwa 36. Basi lenzi moja ya kila siku kwa mji huu ni kati ya 28 na 35. Mwenye kupenda sura za watu atataka 50 au zaidi, na ana haki yake, ila ajue kwamba milango itamshinda.

Jambo la pili la lenzi ni upana wa tundu lake. Lenzi ya kuvuta inayouzwa pamoja na kamera kwa kawaida huishia f/5.6 ikivutwa, na hapo huingiza mwanga kama sehemu moja ya nane ya ule unaoingizwa na lenzi ya f/2. Tofauti hiyo mchana huioni. Utaiona Forodhani jua likishazama, kwenye meza za urojo na mishikaki, penye taa moja na moshi mwingi. Huku kwetu, digrii 6 kusini mwa ikweta, jua huzama karibu wima na mwangaza wa jioni hauzidi dakika 20 na ushei. Anayetafuta lenzi ya kubadilisha ndani ya begi wakati huo ameshachelewa.

Nikiulizwa majina, nitayataja pamoja na kasoro zake. Ricoh GR III ina gramu 257, lenzi yake ni sawa na 28, na inaingia mfuko wa kanzu. Lakini haina mpira wa kuzuia vumbi, kwa hiyo ni kamera ya mjini, si ya ufukweni Paje upepo wa kaskazi ukirusha mchanga mweupe. Fujifilm X100VI ina gramu 521 na lenzi sawa na 35 ya f/2. Hiyo hustahimili manyunyu, ila pale tu unapoifunga pete yake na filta mbele ya lenzi. Wengi hawafungi, kisha hulalamika. OM System TG-7 huzama mita 15 na haijali chumvi, na kwa anayekwenda na wavuvi au wakulima wa mwani ni chombo cha kuaminika. Usiku lakini ni dhaifu, kwa kuwa kihisi chake cha mwanga kina eneo dogo mno, kama milimita 28 za mraba dhidi ya 367 za Ricoh na Fujifilm.

Na kama tayari unayo Canon kubwa yenye kioo cha kuakisi ndani, zile zilizojaa mikononi mwa wapiga picha wa harusi, usiiuze. Itafutie lenzi ya EF-S 24mm f/2.8. Ni nyembamba, ina gramu 125, na kwenye kihisi kidogo cha kamera hizo huona sawa na 38. Mzigo wote unabadilika siku hiyo hiyo.

Simu nayo? Inatosha kwa mengi, nami sitamwambia mtu aione haya. Inashindwa pale mzee wa uso mweusi aliyevaa kanzu nyeupe anapokaa barazani, nusu kivulini nusu juani. Kihisi kikubwa huweza kuhifadhi weupe wa kanzu na maelezo ya uso katika picha moja bila programu kubuni chochote. Hapo pia mpigaji lazima aisaidie kamera, kwa sababu kipimo chake cha mwanga huchukulia kwamba kila kitu duniani kina mng'ao wa wastani. Ukielekeza kwenye ukuta wa chokaa, kamera hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza, na ukuta ukatoka kijivu huku aliyesimama mbele yake akigeuka kivuli. Ongeza mwanga kwa hatua moja, +1 kwenye gurudumu, halafu angalia tena. Sura za watu wetu zinastahili kuonekana.

Begi ndilo watu hulifikiria mwisho, nami ningelitanguliza. Begi jeusi la mgongoni lenye jina la kampuni humtangaza mwenyewe kuwa mgeni mwenye mali, na kwenye daladala ya 502 ya kwenda Bububu, inayopita Mtoni, utalipakata tu. La ngozi huota kuvu masika yakianza. Napendekeza mkoba wa ukili, wa kusukwa na kina mama wa hapa hapa. Hupitisha hewa, hukauka upesi ukianikwa, na hakuna anayeutazama mara mbili. Upungufu wake ni kwamba hauna kinga ya kugongwa wala ya mvua, kwa hiyo ndani yake weka kisanduku laini cha sponji kinachotosha kamera moja, na mfuko wa nailoni wa kufunga mdomo.

Mfuko huo wa nailoni una kazi kubwa kuliko bei yake. Hewa ya digrii 31 yenye unyevu wa asilimia 75 hutoa umande juu ya kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya digrii 26. Kamera iliyokaa kwenye ofisi yenye kiyoyozi cha digrii 22 ikitolewa nje, umande hutanda juu ya kioo, na pia ndani, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Dawa ni kuifunga ndani ya mfuko ukiwa bado kwenye baridi, utoke nayo, ungoje kama nusu saa. Umande utatua juu ya nailoni badala ya kamera.

Nyumbani, kamera ilale kwenye kontena la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, pamoja na silika jeli, zile chembechembe zinazokuja ndani ya maboksi ya viatu. Silika nzuri hubeba maji hadi kama thuluthi ya uzito wake. Nunua ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani ikishiba, uikaushe kwenye oveni kwa digrii 120, uirudishe. Ya buluu iache, rangi yake ni chumvi ya kobalti ambayo ni sumu. Kipima unyevu kidogo ndani ya kontena kikisoma kati ya 40 na 50, kuvu haina maisha. Mchele hausaidii sana, na vumbi lake la wanga ni chakula cha kuvu.

Ukitoka ufukweni pangusa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo maji baridi, kisha kikavu. Kitambaa kikavu peke yake huzisugua chembe za chumvi juu ya rangi. Maji yawe ya mvua au ya chupa, maana visima vingi vya pwani vina chokaa na chumvi ndani yake. Lenzi ipulizwe kwanza kwa pampu ya mpira, usitumie mdomo, mate yana chumvi yake.

Betri ziwe mbili, na chaja inayokubali umeme wa pawabenki. Wanaokumbuka waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka bara ulipoharibika, tukakaa gizani mwezi mzima mwaka 2008 na kama miezi 3 kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, hawahitaji kushawishiwa.

Kamera ndogo hailegezi adabu. Salamu kwanza, shikamoo kwa aliyekuzidi, kisha ombi: "Mzee wangu, naomba nikupige picha." Akikataa, mshukuru upite. Mama aliyejifunika uso amekwisha kukujibu. Bandarini, kwenye kambi, na kwenye matangi ya mafuta pale Mtoni karibu na magofu, kamera ibaki mkobani.

Ukinunua lenzi iliyotumika, Darajani au Kariakoo, usiridhike kuitazama kwa mbele. Fungua tundu lake lote, washa tochi ya simu, imulike kutoka nyuma huku ukiitazama kwa pembeni. Vumbi kidogo lisikutishe, karibu kila lenzi ya pwani inalo na halionekani kwenye picha. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zinazotawanyika kutoka ukingoni, hasa kwenye kioo cha nyuma, ambako dosari huharibu picha zaidi kuliko mbele. Ukiziona, irudishe hata bei ikiwa nzuri vipi. Kisha iweke karibu na sikio, zungusha pete ya fokasi taratibu. Ikikwaruza, mchanga umeshaingia ndani, na gharama ya kuifungua na kuisafisha huweza kukaribia bei uliyotajiwa.