Ngoja Mashua Ifike

Napenda kuwaeleza jambo lililonitahayarisha, ili nanyi lisiwapate.

Hapa Rusimbi nilitengeneza ukurasa wa wavuti juu ya meli Liemba, iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915. Habari zake niliziweka katika faili la XML, ambamo kila habari hukaa kati ya alama ya kufungua na ya kufunga, hivi:

<meli><jina>Liemba</jina><mwaka>1915</mwaka></meli>

Niliiamuru JavaScript ilete faili hilo, nikakadiria kuwa sekunde moja yatosha kulingojea. Katika majaribio ilitosha. Siku ya wazazi mtandao ulikuwa mzito, na ukurasa ukatokea mtupu! Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa kama mtu aendaye mwaloni Kibirizi na kikapu, akadai dagaa hali mashua zingali ziwani.

Dawa ni hii. Kwanza, katika fungu la amri lililoanzwa kwa neno "async", andika "await", yaani ngoja, mbele ya "fetch" iletayo faili, na tena mbele ya "text()" itoayo maandishi yake. Pili, yape maandishi hayo DOMParser, ayapange kama mti wenye matawi. Tatu, tafuta tawi kwa "getElementsByTagName", kisha usome "textContent" yake.

Sasa mtandao ukichelewa, ukurasa wangu nao hungoja, kisha husema: Liemba, 1915. Basi wenzangu, tusikadirie saa ya mashua, tungoje ifike.