Ile namba haiko ya masizi

Wandugu, mwanafunzi mmoja aliniomba nisome TFC yake. Aliweka kasensa kadogo ka bei ya chini jikoni kwa mama yake, Beni, akaandika kiasi cha "kaboni nyeusi". Alijitahidi sana, lakini ile namba haiko ya kaboni nyeusi.

Sensa ya namna hiyo inarusha mwanga na kupima ule unaotawanyika ukigonga vumbi. Masizi yenyewe yanameza mwanga, tena chembe zake nyingi ni ndogo kuliko mikrometa 0.3. Zinapita tu.

Chombo chenyewe ni aetalometa: inavuta hewa kupitia chujio, kisha inaangalia weusi umezuia mwanga kiasi gani. Hata hiyo inadanganya! Chujio likishajaa, masizi mapya yanajificha nyuma ya yale ya kwanza, namba inashuka na moshi uko uleule.

Halafu kuko kuni zetu. Lori ya mazutu ikipanda mlima Butembo inatoa weusi mtupu, lakini kuni mbichi zinatoa pia moshi wa kahawia unaomeza mwanga wa bluu na urujuani. Njo maana masizi yanasomwa kwenye nanometa 880, ambako ule wa kahawia karibu haumezi kitu.

Nilimwambia asitupe kazi. Abadilishe kichwa, aandike "vumbi laini jikoni", na aseme sensa ilikaa umbali gani na moto. Kesho wataleta jiko jipya, namba itashuka, watapiga makofi, na mama yake ataendelea kukohoa.