Jina na Shahidi Wake: Lebo za Hebariamu na Msamiati wa Mimea

Hebariamu ni hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ikabanwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu. Kila sampuli huandamana na lebo inayotaja jina la mmea, mahali ulipochumwa, kimo cha mahali hapo, tarehe, mkusanyaji na nambari yake. Pasipo maelezo hayo, sampuli ni jani kavu tu.

Urujuani wa Afrika ni mfano mwafaka. Mnamo mwaka wa 1893, Mjerumani Hermann Wendland aliupa mmea huu wa Usambara jina la Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa kikoloni aliyeupeleka Ujerumani. Baadaye, kufuatia uchunguzi wa DNA, ulihamishiwa jenasi ya Streptocarpus pamoja na jamaa yake wa kilima cha Mbololo, Taita. Jina lilibadilika, sampuli haikubadilika. Desturi ni kubandika kijikaratasi chenye jina jipya kando ya lile la awali, bila kulifuta. Hivyo, karatasi moja huhifadhi historia nzima ya mmea.

Hata hivyo, karatasi huungua. Machi 1943, hebariamu ya Berlin iliteketea katika vita, na sampuli nyingi za Afrika Mashariki zikapotea. Zilizonusurika kwingineko ni nakala zilizokuwa zimegawiwa hifadhi nyingine. Ndiyo maana wakusanyaji hukausha nakala kadhaa za mmea mmoja.

Mwanaisimu naye ana hisa katika lebo hizi, kwani nyingi huandikwa pia jina la kienyeji. P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Amani, alichapisha kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili mnamo mwaka wa 1940. Tatizo ni kwamba jina moja huweza kuitwa mimea kadhaa, na baadhi ya lebo hazitaji jina ni la lugha gani. Kamusi inapoeleza neno kuwa "aina ya mti" tu, msomaji hubaki gizani. Jina lililofungamana na sampuli lina shahidi: linaweza kuhakikiwa hata baada ya miaka mia moja.

Kwa hiyo, mtafiti wa msamiati anayekwenda nyanjani hana budi kukausha tawi lenye ua, kisha aandike lugha, lahaja na kijiji cha msemaji. Wazee wanaoyajua majina haya wanapungua, na misitu vilevile.