Mchina akikuambia «hakuna shida», uliza tena

Bandugu, wengi wetu hapa Goma tunafanyaka biashara na Uchina bila hata kujua. Kama unasoma andiko hili kwenye Tecno, itel ao Infinix, zote tatu ni za kampuni moja, Transsion, yenye makao Shenzhen. Taa za sola zinazowaka jioni Mugunga, spea za pikipiki za Birere, viatu vya soko la Virunga: nyingi zimetoka upande ule ule. Zamani walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa Butembo na Goma njo wanapanda ndege mpaka Guangzhou. Leo mwanafunzi mwenye simu na dola mia tano anaagiza mwenyewe akiwa kitandani. Uhasibu anaujua, forodha aliisoma, hata profoma anaweza kuichambua. Adabu ya yule anayeandikiana naye haijui, na hapo njo makuta yanapotea.

Mimi yangu karibu yapotee. Mwaka 2023 niliagiza taa 300 za sola kwenye kiwanda kimoja cha mkoa wa Guangdong, dola 6 kila moja. Masharti yalikuwa yale ya kawaida kwa viwanda vya kule: asilimia 30 kama avansi, asilimia 70 kabla mzigo haujatoka. Nikalipa dola 540, na zile 540 hazikuwa zangu. Zilikuwa za AVEC ya mama, kikundi cha akina mama wanaoweka akiba kila Alhamisi, na mama alikuwa amesimama mbele yao kunidhamini.

Nilimwandikia dada wa mauzo: «Mtamaliza tarehe 15 Oktoba?» Akajibu «mei wenti», maana yake hakuna tatizo. Nikafurahi, nikampigia mama.

Sikujua vitu viwili. Cha kwanza, kuanzia tarehe 1 Oktoba kuna sikukuu yao ya taifa, na kwa karibu wiki nzima viwanda vingi vinalala. Cha pili ni kikubwa zaidi: «mei wenti» ni ndugu wa «akuna shida» yetu. Fundi wa Majengo akikuambia «akuna shida, suruali utaipata Ijumaa», wewe mtu wa Goma unajua kabisa kwamba hajakuahidi Ijumaa. Amekuambia kwamba anakuheshimu na hapendi uondoke na uchungu. Ajabu ni kwamba neno lile lile likitoka kwa Mchina, tunalichukua kama mkataba uliopigwa muhuri.

Kosa lilikuwa kwenye swali langu. Nilimuuliza dada yule jambo ambalo jibu lake la heshima ni moja tu. Angesema «hapana», angenikosesha furaha mimi, na angemwaibisha shefu wake aliyekuwa ndani ya kundi lile la WeChat. Kwa hiyo alisema ndiyo, na ile ndiyo ilimaanisha «nimekusikia». Siku hizi siulizi «mtamaliza tarehe fulani?» Ninauliza «betri zimeshafika kiwandani? Kazi yangu inaingia kwenye mashine siku gani? Mbele yangu kuna komande ngapi?» Swali la namna hiyo mtu analijibu bila kukukatalia, na jibu lake unaweza kulihesabu wewe mwenyewe.

«Hapana» ya Kichina ipo, ila imevaa nguo. Wakikuambia «kaolü kaolü», tutafikiria, ao «yanjiu yanjiu», tutachunguza, mara nyingi mlango umefungwa taratibu. Wakisema «bu fangbian», yaani haitakuwa rahisi, usianze kuonyesha jinsi itakavyokuwa rahisi: umeshakataliwa. Kubadili mazungumzo ni jibu, na kimya pia ni jibu. Waliolelewa na bibi zao kule Masisi ao Rutshuru hawatashangaa, maana kwetu pia mzee hakatai mbele ya mgeni. Anasema tutaonana.

Nirudi kwenye taa. Tarehe 20 Oktoba hakuna kitu. Nikakasirika, nikaandika ndani ya kundi, mbele ya shefu wake, mbele ya wakala wa mizigo, mbele ya wateja wengine watatu wa hapa hapa: «Nyinyi ni wezi, rudisheni makuta yangu.» Nilijiona mwanaume. Kikafuata kimya cha siku tisa.

Waswahili wanasema uso umeumbwa na haya. Sijui methali nyingine inayoufikia karibu hivi moyo wa biashara ya Wachina, maana wao wenyewe jambo hili wanaliita «uso». Mwaka 1944 mwanaanthropolojia Hu Hsien-chin alieleza kwamba wana maneno mawili: «lian», uso wa tabia, ule unaoupoteza ukifanya jambo la aibu, na «mianzi», uso wa cheo na sifa, ambao watu wengine wanakupa ao wanakunyang'anya. Hili la pili linafanya kazi kama akiba. Ukimsifu mtu mbele ya mkubwa wake, umemwekea. Ukimsahihisha mbele ya watu, umetoa kwenye akiba yake, hata kama una haki. Na mtu uliyemvua uso hadharani hawezi tena kukusaidia hata akitaka, kwa sababu kukusaidia sasa kutaonekana kama kukiri kwamba ni mwizi.

Aliyeniokoa ni papa mmoja wa Butembo ambaye Guangzhou anaijua kama sebule yake. Aliposoma ujumbe wangu alishika kichwa. Akaniambia: «Mwanangu, mwandikie yeye peke yake. Halafu umpe mlango wa kutokea.» Nikaandika: «Dada, pengine kiwanda kimekosa vifaa baada ya sikukuu. Nilikuwa na wasiwasi kwa sababu makuta ni ya mama yangu. Tunaweza kupanga tarehe mpya pamoja?» Jibu lilikuja ndani ya saa moja, na refu. Betri zilikuwa zimechelewa, shefu alikuwa amemkataza kusema. Taa zilitoka Novemba. Nilichelewa kulipa AVEC miezi miwili, na mama alipoteza uso wake mwenyewe mbele ya wenzake. Hilo sijalisahau.

Hapa kuna jambo ninalotaka tusikosee. Si kila kuchelewa ni utamaduni. Kuna matapeli Uchina kama walivyo kila mahali, na adabu haimwelezi mwizi. Kiwanda kikikataa kukuonyesha hati zake za usajili, kikikataa sampuli, ao kikiomba ulipe kwenye akaunti ya mtu binafsi isiyo na jina la kampuni, hapo usianze kufikiria habari za uso. Funga simu. Na yote mnayopatana yaandike: rangi, uzito, aina ya betri, picha ya sampuli mliyokubaliana. Kuandika hakumvunjii mtu heshima. Kinachovunja heshima ni kumrushia karatasi ile mbele ya wengine.

Neno la pili mtakalolisikia ni «guanxi», mahusiano. Wengi wanalitafsiri kama kujuana, ama piston, na wanacheka kwamba hilo tunalo tayari. Ndiyo na hapana. Mwanasosholojia Fei Xiaotong, mwishoni mwa miaka ya 1940, aliifananisha jamii ya Wachina na jiwe lililotupwa majini: kila mtu yuko katikati ya mawimbi yake, na wajibu wake unapungua kadiri wimbi linavyokwenda mbali. Tupa jiwe ndani ya ziwa Kivu utaona. Mteja mpya yuko kwenye wimbi la mwisho kabisa. Bei nzuri, siku za nyongeza, ukweli kuhusu betri, hivyo ni vya mawimbi ya ndani, na huko unaingia polepole: kwa komande ndogo iliyolipwa vizuri, kwa salamu ya sikukuu, kwa kuuliza habari za mtoto. Ndiyo sababu mkutano wa kwanza unaweza kwisha kwa chai na chakula bila bei kutajwa. Kijana wetu anatoka hapo akisema wamempotezea muda, kumbe ulikuwa mtihani wenyewe.

Ukibahatika kufika, kwa mfano kwenye maonyesho ya Canton yanayofanyika Guangzhou mara mbili kwa mwaka tangu 1957, mambo ya mkono ni mepesi kwetu. Kadi ya biashara unaipokea kwa mikono miwili, vile vile mama alivyokufundisha kupokea kitu kwa mkubwa. Unaisoma, huiweki mfuko wa nyuma ukaikalia. Jina la ukoo linatangulia: Wang Li ni Bwana Wang, na ni vizuri kumwita kwa cheo, meneja Wang, kama tunavyosema «Papa Dirkta». Mgeni wa heshima anakaa akitazama mlango. Wakisema «ganbei» maana yake kausha glasi, na unapogonga glasi na mkubwa ya kwako ishushe kidogo chini ya yake. Kama hunywi pombe, sema mapema na utoe sababu ya afya ao dini; baijiu yao ina nguvu kuliko kasiksi, usijaribu ushujaa. Vijiti usivisimamishe ndani ya wali, vinafanana na ubani wa wafu. Zawadi isiwe saa ya ukutani, kwa sababu kwa Kichina «kutoa saa» kunasikika kama kumsindikiza mtu kaburini. Kahawa yetu ya Kivu ni zawadi nzuri sana. Ukikosea moja kati ya haya watakusamehe. Kukosea la uso ni shida nyingine.

Kwa wale mnaotafuta kazi kwenye kampuni zao za barabara ao ujenzi, sheria ni ile ile ikiwa na kofia ya kazi juu yake. Shefu akikosea hesabu ya simenti, usimsahihishe mbele ya vibarua. Mfuate pembeni, umuulize kama swali: «Shefu, hapa sijaelewa vizuri, unisaidie.» Wengine wetu tutasema huo ni unafiki. Mimi pia nilisemaka hivyo. Halafu nikakumbuka namna tulivyokuwa tunamwambia profesa kwamba amekosea ubaoni.

Komande ya pili niliitoa Novemba 2024, kiwanda kile kile. Mzigo ulikuwa tayari katikati ya Januari. Nilikuwa nimebakiza asilimia 70. Tarehe 27 Januari 2025 vita viliingia mjini. Umeme, maji, intaneti, vyote vikakatika, benki zikafungwa. Tarehe 29 ulikuwa mwaka mpya wa Kichina, dada wa mauzo amerudi kijijini kwao. Mtandao uliporudi nilimwandikia peke yake. Kwanza heri ya mwaka mpya. Halafu: «Mji wetu una vita. Mimi na mama tuko wazima. Sitaweza kulipa kwa tarehe tuliyopatana. Kila Jumatatu nitakuambia nimefika wapi.» Akajibu: «Nitamuuliza laoban», yaani mwenye kiwanda. Siku sita kimya. Safari hii kimya nilikijua, sikukigusa. Siku ya saba akasema laoban ananipa miezi mitatu, bila kulipia ghala.

Nililipa vipande vipande, kupitia binamu yangu wa Kampala, na kila Jumatatu niliandika, hata Jumatatu ambazo sikuwa na kitu cha kusema. Mzigo ulifika Mombasa, ukapanda barabara, ukavuka Grande Barrière mwezi wa saba. Nilipofungua makarto, taa kumi na mbili zilikuwa na kioo kilichopasuka. Nilipiga picha, moja moja. Kundi la WeChat lilikuwa wazi kwenye simu. Nikalifunga, nikamtumia yeye peke yake, nikaandika juu yake: «Pengine ni barabara zetu. Unaonaje?»