Karagwe kwa Siku Tatu: Safari Ndefu Hupangwa kwa Usingizi

Likizo ndefu ikikaribia, sisi tunaosoma Dodoma na kwetu ni Kagera huulizana swali moja tu: basi linaondoka saa ngapi? Unapanda, unakaa, miguu inavimba, unashuka Kayanga hujui hata ulipopita. Miaka miwili nimesafiri hivyo. Nchi yote iliyo katikati niliijua kwa majina ya stendi na bei ya mahindi ya kuchoma.

Nikiwa mdogo pale Bugene nilikuwa naona magari ya Wazungu yakipita kuelekea Omurushaka, hema limefungwa juu ya paa, ndani kuna jiko, maji na godoro. Tulikuwa tunawacheka. Mtu ana gari zuri namna ile, halafu anatembea kilomita 200 kwa siku na jua likizama anasimama! Sisi tulijua msafiri hodari ni yule anayefika haraka.

Septemba iliyopita, baada ya BTP, nilipata nafasi ya kusafiri kwa gari dogo kutoka Dodoma hadi Bugene. Nimeandika makala hii kwa sababu najua wengi wenu mna wazo kama hilo: kukusanyana washkaji wanne au watano, kutafuta Noah na kwenda nyumbani kwa raha. Linawezekana. Lakini sisi tulikosea jambo moja katika mipango yetu, na kosa lile lingeweza kutumaliza.

Hesabu kwanza

Gari lilikuwa la baba mdogo wa rafiki yangu ninayelala naye chumba kimoja. Alikuwa amelinunua Dar es Salaam, analipeleka nyumbani, na Jumamosi ile dada wa rafiki yangu alikuwa anaolewa Bugene. Kwa hiyo Baba Mdogo alikuwa anawahi harusi ya mtoto wa kaka yake. Tulikuwa wanafunzi wanne, wasichana wawili na wavulana wawili, naye dereva. Mimi nikachaguliwa mweka hazina.

Njia tuliyopita ni ya kilomita elfu moja na mia na kitu. Noah yenye watu watano na mizigo tuliihesabia kilomita 9 kwa lita, yaani kama lita 130. Petroli ilikuwa inacheza kwenye Sh 3,000, jumla Sh 390,000. Baba Mdogo akalipa nusu kwa kuwa gari ni lake, nusu tukagawana wanne: Sh 48,750 kila mmoja. Vyumba viwili vya gesti kwa usiku mmoja Sh 30,000. Tukatenga usiku mbili, Sh 15,000 kwa kila mmoja. Chakula Sh 10,000 kwa siku, siku tatu. Akiba ya dharura Sh 15,000. Jumla Sh 108,750 kwa kichwa. Ni zaidi ya nauli ya basi, tusidanganyane. Bumu ikiwa imeshaisha, subiri.

Na angalia sana hapa: gari letu lilikuwa linakwenda kubaki. Ukikodi, gari lazima lirudi lilikotoka. Mafuta yanakuwa mara mbili, na dereva anakula na kulala wakati wa kurudi pia. Mipango mingi ya wanachuo hufia kwenye mstari huu, kwa sababu hugundulika siku moja kabla ya safari. Jambo jingine ni namba ya gari. Gari la binafsi lenye namba ya njano haliruhusiwi kubeba abiria wa nauli. Kuchangia mafuta kwenye gari la ndugu ni jambo moja, kulipa nauli ni jambo jingine. Kama mnakodi, kodini gari lenye namba nyeupe na vibali vyake.

Gari lenyewe mlikague wiki moja kabla, msingoje asubuhi ya safari. Tairi la akiba lina upepo? Jeki na spana ya magurudumu vipo? Pembetatu mbili, mtungi wa kuzimia moto, bima haijaisha? Sisi tulifanya ukaguzi asubuhi ileile ya Alhamisi, tukakuta tairi la akiba limekwisha. Tulipanga kuondoka saa 12. Tukaondoka saa 5.

Kugeuza Noah kuwa nyumba

Kiti cha nyuma kilikunjwa. Mizigo mizito ikakaa chini, juu yake godoro la hosteli. Hatukubeba jiko la gesi. Kwenye gari lililojaa watu na mizigo ni kujitafutia balaa. Tulibeba chupa mbili za chai, mkate, karanga, ndizi, na dumu la maji la lita 20. Wavulana wangelala ndani ya gari kwenye uwanja wa gesti, wasichana chumba kimoja chenye kufuli la kueleweka, na dereva chumba chake. Hilo la mwisho msilifanyie ubahili. Hata ikibaki hela ya kitanda kimoja tu, kitanda ni cha dereva.

Mkilala ndani ya gari, acheni vioo wazi kidogo na mfunike uwazi kwa chandarua. Msiwashe injini ili mpate joto. Moshi wa gari una hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu aliyelala haamki kuisikia. Mahali pazuri pa kuegesha ni uwanja wa gesti wenye mlinzi, au sheli wanapolala madereva wa malori, na uombe ruhusa kwanza. Pembeni mwa barabara porini, hapana.

Kosa letu

Ratiba yetu iliandikwa kwa kilomita. Siku ya kwanza Dodoma hadi Kahama, ya pili Kahama hadi Bugene, Ijumaa usiku tumefika, Jumamosi harusi. Ilipendeza sana kwenye daftari. Ila ilitaka tuondoke saa 12, na sisi tuliondoka saa 5. Badala ya kukata kilomita, tukakata mapumziko. Singida, kilomita 240 hivi kutoka Dodoma, tulipita Ziwa Singidani likitumetea pembeni, hakuna aliyeshuka. Mteremko wa Sekenke tukaushuka huku tunakula karanga. Igunga hatukusimama.

Tulifika Nzega saa 2 usiku. Simu za nyumbani hazikatiki: mmefika wapi? Pale ndipo tulipopaswa kulala. Baba Mdogo akatuuliza, "Wanangu, mnasemaje?" Mimi ndiye niliyejibu. Nikasema gesti ya Kahama tumeshaipigia simu, tukomae tu, imebaki kidogo. Nilikuwa nawaza zile Sh 30,000 zisije zikalipwa mara mbili.

Tulipopita Tinde, wenzangu wote walikuwa wamelala. Nilikuwa kiti cha katikati, naona macho ya Baba Mdogo kwenye kioo. Yakafumba, yakafumbuka, yakafumba tena. Gari likaanza kuvutwa kulia, na lori lililokuwa linakuja likapiga honi ndefu. Akashtuka, akalirudisha, akaongeza sauti ya redio kama vile hakuna kilichotokea.

Sasa nikawa na tatizo ambalo hakuna orodha ya ukaguzi inayolitaja. Huyu ni mzee wangu. Aliendesha malori miaka mingi kabla sijazaliwa. Namwambiaje, "Baba, unasinzia"? Kijana mwenzetu mmoja ana leseni, lakini mchana alipojitolea kupokea usukani aliambiwa, "Wewe pumzika, mwanangu," na mazungumzo yakaishia hapo. Nilikaa kimya kama dakika mbili hivi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hukata mita 22 kila sekunde. Macho yakifumba sekunde tatu tu, limekwenda mita 66 bila dereva. Ule ukimya wangu wa dakika mbili ni karibu kilomita tatu.

Mwishowe nikadanganya. "Baba, samahani, naomba tusimame, nimebanwa."

Tukasimama Isaka, pale kwenye malori yanayokwenda Rwanda na Burundi. Nikashuka kweli, nikarudi na chai ya watu wote. Baba Mdogo alikunywa nusu kikombe, akaegemeza kichwa mezani, akalala palepale na kofia kichwani. Tukatafuta vyumba. Kahama hatukuiona usiku ule, na hela ya gesti ile hatukulipa, kwa hiyo hata hofu yangu ilikuwa ya bure.

Asubuhi aliamka saa 3. Akanywa supu, akaniita pembeni. "Jana hukuwa umebanwa," akasema. Nikakaa kimya. "Siku nyingine niambie tu. Mimi ndiye nina nyumba ya kwenda kufungua mlango, na ninyi mna mama zenu."

Usingizi ndio ratiba

Tangu siku ile nimesoma na kuuliza, na haya ndiyo niliyoyaelewa. Mwili wa binadamu huvutwa na usingizi mara mbili kwa siku hata kama umelala vizuri: alfajiri ya mapema, kama kati ya saa 8 na saa 11 usiku, na mchana baada ya kula, kati ya saa 8 na saa 10. Redio, kioo wazi, kujipiga makofi, vyote humdanganya dereva kwa dakika chache. Kahawa husaidia, ila huchukua kama nusu saa kufanya kazi, na haiwezi kulipa deni la usingizi. Sisi watu wa Karagwe, watu wa kahawa, tunapenda kuamini vinginevyo. Dawa ni moja, kulala.

Ndiyo maana mabasi yanayosafiri zaidi ya saa nane hutakiwa kuwa na madereva wawili. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na wengi tumefurahi. Lakini Noah ya ukoo haina dereva wa pili aliyelala kitandani, wala mkaguzi. Sheria lazima mjiwekee wenyewe.

Zetu sasa ni hizi. Usukani saa nane kwa siku, basi. Kila saa mbili gari linasimama robo saa na dereva anashuka. Jua likizama tunatafuta pa kulala. Mkichelewa kuondoka, punguzeni umbali, msipunguze usingizi. Na kubwa kuliko zote: kabla ya kuwasha gari, dereva mwenyewe atamke mbele ya wote kwamba yeyote, hata mdogo kuliko wote, ana ruhusa ya kusema "simama", naye atasimama bila kuuliza sababu. Kwetu sisi, ruhusa ya kumsemesha mkubwa lazima itolewe na mkubwa mwenyewe. Iombeni mapema, kwa heshima, asubuhi akiwa macho.

Na hapo raha ikaanza

Ijumaa tulikwenda polepole. Lusahunga tukajadiliana: njia fupi ya Kasulo, ambayo sehemu yake inapita ndani ya Hifadhi ya Burigi-Chato, au tuzunguke kwa lami kupitia Biharamulo na Bukoba? Mawingu yalikuwa mazito na gari letu liko chini. Tukazunguka. Jioni tukalala Biharamulo, jua bado lipo, tukatembea hadi kwenye boma la zamani la Wajerumani. Mwalimu mtarajiwa wa historia aliyekuwa nasi alitufundisha somo zima pale nje, bila nukuu.

Jumamosi asubuhi, katika pori la Kasindaga, Baba Mdogo akatusimulia enzi ambazo mabasi yalivushwa hapa yakisindikizwa na polisi wenye bunduki kwa sababu ya majambazi. Nimepita pale mara nne na basi, sikuwahi kujua. Mbele ya Muleba tukaliona ziwa. Kyaka tukasimama darajani, ambako mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalilipua daraja la wakati ule, tukatazama Mto Kagera ukipita taratibu. Kisha ile lami ya kilomita 59 kupanda hadi Bugene, migomba kulia na kushoto, na baridi ikaanza kuingia dirishani.

Ibada ilikuwa saa 4. Tulifika saa 7. Baba Mdogo hakumwona mtoto wa kaka yake akila kiapo, na najua lilimuuma, maana alikaa ndani ya gari kidogo kabla ya kushuka. Bibi harusi alimkumbatia, akalia, akauliza mbona mmechelewa hivi. Akamjibu, "Tulilala, mwanangu." Jioni alipoitwa kutoa nasaha alisimama akiwa mzima, suti imenyooka, akaongea mpaka MC akachoka.

Likizo ijayo tunapanga kuanzia nyumbani. Tangu 2019 tuna hifadhi za taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, na wengi wetu tuliozaliwa jirani nazo hatujawahi kukanyaga. Noah ipo, godoro lipo. Daftari nimelifungua tayari, na safari hii nimeanza kwa kuandika tutalala wapi.