Hofu Mlimani: Ipi Ivukwe, Ipi Itiiwe

Waswahili husema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hii yakumbusha kwamba hofu ni mlinzi, na anayemfukuza mlinzi wake huweza kulipa kwa uhai. Hata hivyo mlinzi naye hukosea. Wapo watu waliokwepa madaraja, lifti na vyombo vya majini kwa miaka mingi, ingawa hatari yenyewe ilikuwa ndogo. Baadhi ya watu wa aina hiyo hutafuta dawa katika safari ngumu, na kwa Afrika Mashariki mojawapo ya safari hizo ni kupanda Mlima Kilimanjaro. Mlima huo hufundisha jambo lenye manufaa hata kwa asiyeukanyaga: kutofautisha hofu ya kuvukwa na hofu ya kutiiwa.

Hofu na mwili

Sehemu ya ubongo iitwayo amigdala huitikia dalili ya hatari upesi, mara nyingi kabla fikra haijaipima. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo huenda mbio, pumzi hufupika, viganja hutoka jasho. Anayekimbia hupata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo mtego, kwa kuwa ubongo hujifunza kwamba amepona kwa sababu amekimbia. Safari ijayo hofu huja kubwa zaidi.

Tiba yake ni kumkaribia adui kwa ngazi. Mwaka 1958 Joseph Wolpe, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini, alichapisha kitabu kilichoeleza namna ya kumwongoza mgonjwa kutoka kile anachokiogopa kidogo hadi kile anachokiogopa sana, huku mwili wake ukiwa umetulizwa. Wataalamu wa afya ya akili wangali wakitumia njia za asili hiyo. Anayeogopa urefu huanza kwenye ghorofa ya kwanza, hubaki hapo hadi moyo utulie, ndipo hupanda ya pili.

Mlima una ngazi zake. Kwa njia ya Marangu, msafiri hulala Mandara, takriban mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, kisha Horombo, takriban mita 3,700, kisha Kibo, takriban mita 4,700. Usiku wa manane huanza kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895, gizani na katika baridi kali. Waongoza wageni hawachoki kusema: pole pole. Mwoga hugundua kwamba hahitaji kuushinda mlima mzima. Yampasa kuimaliza hatua iliyo mbele yake. Erik Weihenmayer, Mmarekani asiyeona, alifika kileleni mwaka 1997. Kyle Maynard, aliyezaliwa bila mikono na miguu kamili, alifika mwaka 2012 kwa kutambaa, bila viungo bandia.

Hofu ya kutiiwa

Mifano hiyo inatia moyo, lakini peke yake yaweza kupotosha. Karibu na kilele, kanieneo ya hewa ni takriban nusu ya ile ya pwani, na kila pumzi huleta oksijeni kidogo zaidi. Mwili huzoea ukipewa siku. Ukiharakishwa, huanza kuumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu. Hayo ni maradhi ya mwinuko. Yakipuuzwa, ubongo huweza kuvimba au mapafu kujaa maji, na mgonjwa huweza kufa katika muda wa saa chache.

Nguvu za misuli si kinga. Mnamo Desemba 2010 Martina Navratilova, bingwa wa tenisi aliyetwaa taji la Wimbledon la mchezaji mmoja mmoja mara 9, alipanda Kilimanjaro miezi michache baada ya kumaliza tiba ya mionzi ya saratani ya matiti. Mapafu yake yalianza kujaa maji. Aliteremshwa, akapelekwa hospitali jijini Nairobi, akapona. Alipona kwa sababu safari ilikatishwa kwa wakati.

Ugumu ni kwamba hofu na maradhi hufanana: vyote hupandisha mapigo ya moyo na kukosesha usingizi. Tetemeko la hofu kwa kawaida hufikia upeo kwa dakika chache, kisha hupungua mtu akikaa na kupumua taratibu. Anayehema akiwa amepumzika, anayekohoa mfululizo, anayepepesuka anapotembea kisigino kwa kidole juu ya mstari ulionyooka, au anayeongea ovyo, huyo ni mgonjwa. Kanuni ya madaktari wa milimani ni kwamba dalili isiyoeleweka huhesabiwa kuwa ya mwinuko hadi ithibitike vinginevyo. Mwenye dalili hapandi zaidi. Zikizidi, hushuka mara moja, hata usiku. Oksijeni na dawa husaidia, lakini havichukui nafasi ya kushuka.

Ipo hofu ya tatu, nayo ndiyo huua kimyakimya: hofu ya aibu. Mgeni aliyelipa fedha nyingi na kuwaaga ndugu huficha maumivu ya kichwa. Mpagazi anayehofia kupoteza ujira huficha kikohozi. Kiongozi wa msafara mwenye busara huuliza kila jioni, huuliza kila mtu, na hamcheki anayejibu kweli.

Kabla ya safari

Mhudumu wa afya anayeombwa ushauri aanze na ratiba. Juu ya mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na siku ya mapumziko iwekwe kila baada ya siku tatu au nne. Safari nyingi za Kilimanjaro huvuka kipimo hicho, hivyo siku za ziada ni kinga kubwa. Dawa ya asetazolamidi husaidia mwili kuzoea, lakini itumike kwa ushauri wa daktari. Mwenye selimundu aambiwe waziwazi kwamba uhaba wa oksijeni waweza kumletea kipeo cha maumivu. Mwenye kisukari ailinde insulini isigande kwa baridi. Mwenye pumu, shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo, na mjamzito, wapimwe kwanza.

Kinachobaki baada ya mlima

Mwaka 2003 wanasaikolojia Dacher Keltner na Jonathan Haidt walieleza kicho, ile hali ya kustaajabu mbele ya kitu kikubwa mno, kuwa huilazimisha akili kupanua vipimo vyake. Huenda ndiyo sababu aliyeona jua likichomoza juu ya mawingu hurudi akiyapima upya matatizo yake. Lakini kipimo hicho hakihitaji kilele. Mgonjwa aliyeogopa sindano akakaa, akapumua, akanyoosha mkono, amepanda ngazi yake. Na yule aliyegeuka akiwa Kibo kwa sababu kichwa kilimuuma hakushindwa. Aliisikiliza hofu iliyosema kweli, naye akarudi nyumbani kusimulia.