Maktaba ya Wote Ihifadhiwe na Wote

Mtoto wa Matemwe anapoanza kwenda chuoni hufundishwa adabu ya msahafu wa wakfu. Hauandikwi jina la mtu, haukunjwi kurasa, wala hauchukuliwi nyumbani. Anayeusoma leo anajua kuwa kesho yuko mwenziwe atakayeuhitaji, naye atautaka uwe kama ulivyokuwa.

Tumeikumbuka adabu hiyo kwa sababu ya jambo ambalo kwa sura yake ni geni, lakini kwa maana yake ni la kale: matumizi ya pamoja ya maktaba za programu katika kompyuta kuu. Huenda ndugu msomaji akauliza, hilo linamhusu nini mkulima wa mwani? Linamhusu sana. Tangu kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, mama zetu wa pwani hii ya mashariki wamekitegemea. Mwani wa kotonii, ambao ndio wenye bei nzuri zaidi, umekuwa ukifa kwa joto la maji. Kujua joto hilo linatoka wapi na mikondo inaelekea wapi ni kazi ya hesabu nyingi mno, ambazo kompyuta ya mezani haiziwezi kwa wakati unaofaa.

Kompyuta kuu si mtambo mmoja. Ni kundi la kompyuta nyingi zilizopangwa makabatini na kuunganishwa kwa nyaya zenye kasi, zikagawana kazi moja. Programu ya ROMS, ambayo imekwisha kutumika kuchunguza mikondo ya bahari iliyo kati ya Unguja na bara, huendeshwa katika mitambo ya namna hiyo. Lakini ROMS haijitoshelezi. Kusoma na kuandika takwimu zake hutumia maktaba ya netCDF. Na ili kompyuta moja izungumze na nyenzake hutumia maktaba za MPI, ambazo kanuni zake zilitolewa mwaka 1994.

Maktaba hapa ni hazina ya kazi zilizokwisha kuandikwa na kuhakikiwa na mabingwa, ili kila mtu azitumie bila ya kuanza upya. Kwa upande wa hesabu ziko BLAS, iliyochapishwa mwaka 1979, na LAPACK ya mwaka 1992. Jack Dongarra wa Marekani, mmoja wa waliozijenga, alitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2021 kwa kazi hiyo. Kijana anayeandika mwenyewe hesabu ya kuzidisha majedwali atapata jibu sahihi, lakini huenda programu yake ikawa nzito mara makumi kuliko ya yule aliyetumia BLAS iliyolinganishwa na mtambo ule. Muda anaoupoteza si wake peke yake. Ni wa wenziwe waliopanga foleni nyuma yake.

Hata hivyo, kitu cha wote kisichokuwa na utaratibu huharibika. Maktaba hutolewa matoleo mapya kila mara. Msimamizi akiliondoa la zamani bila ya kutangaza, programu iliyofanya kazi jana leo itagoma. Mtafiti naye akichanganya maktaba ya toleo hili na nyingine iliyojengwa kwa namna tofauti, programu itakataa kuanza, au, na hilo ndilo baya zaidi, itatoa majibu ya uongo. Kwa hiyo mitambo iliyo makini huweka matoleo kadhaa bega kwa bega, na kila mtumiaji huchagua lake kwa amri ya moduli. Ni wajibu wake kuliandika katika kumbukumbu za kazi yake, kwani hata mpangilio wa kujumlisha ukibadilika, tarakimu za mwisho huweza kutofautiana. Matokeo yasiyoweza kurudiwa na mwingine hayafai kuwa msingi wa uamuzi wa Serikali.

Nchi yetu inayo historia ya kuzingatia. Mwaka 1974, baada ya matatizo ya mtambo wa hesabu katika Wizara ya Fedha, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku. Mashine ilitangulia, wataalamu wakawa nyuma. Miaka mingi baadaye milango ilifunguliwa. Kompyuta kuu ya Ranger ya Chuo Kikuu cha Texas ilipostaafishwa mwaka 2013, baadhi ya makabati yake yaligawiwa Afrika Kusini, Botswana na Tanzania. Huko Arusha, katika Taasisi ya Nelson Mandela, iliwekwa PARAM Kilimanjaro kwa msaada wa India. Tunawashukuru waliotoa. Lakini kabati huweza kupakiwa melini. Ujuzi wa kutunza maktaba zilizomo haupakiwi.

Hapa kwetu, chuo cha IIT Madras kilichofunguliwa Bweleo mwaka 2023 kinafundisha sayansi ya takwimu na akili bandia. Rai yetu ni kwamba miongoni mwa vijana wanaosomeshwa watengwe wa kusomea kazi isiyo na sifa ya kupigiwa makofi: kujenga maktaba hizo, kuzihakiki, kutangaza mabadiliko na kuwaelekeza wenzao. Nafasi zao ziwemo katika bajeti kama ulivyo umeme wa mtambo. Bila ya wao tutaazima mitambo, na kila ikigoma tutaazima na watu wa kuitengeneza.

Mama anayeshuka pwani wakati wa bamvua na kamba zake hatauona mtambo huo. Anachostahiki ni jibu la kweli kuhusu bahari yake, na jibu hilo litapatikana ikiwa mali ya wote itatunzwa kwa adabu tuliyofundishwa chuoni.